Maji Makali ya Njia ya Tabora

Familia iliyohama kutoka Dodoma kwenda Tabora huutambua ugeni wake kwanza kwenye beseni la kufulia. Sabuni ya mche, ambayo huko walikotoka ilisuguliwa mpaka mkono ukachoka, hapa hutoa povu mara moja, na nguo ikisuuzwa bado huteleza kana kwamba haijatoka sabuni. Nguo ni zile zile na mfuaji ni yule yule. Kilichobadilika ni maji.

Dodoma kwa miaka mingi imekunywa maji ya visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Tabora ilitegemea Bwawa la Igombe, na tangu mwaka 2021 imeunganishwa, pamoja na Nzega na Igunga, na bomba linaloleta maji ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hilo ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja, kwa hiyo ni maji laini. Maji ya kisima yana safari nyingine: mvua hupenya udongoni, hujichukulia hewa ya ukaa, kisha huyeyusha kalisi na magnesi katika udongo na miamba inamopita. Katika nchi kavu, ambako jua hunyonya maji na kuacha chokaa ardhini, mzigo huo huzidi. Hayo ndiyo maji magumu, nasi mitaani huyaita tu maji ya chumvi.

Wasafiri wa misafara waliyajua kabla ya bomba lolote. Baina ya Mpwapwa na nchi ya Wagogo palikuwa na mbuga iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, aliitaja katika maandishi yake. Wapagazi waliivuka kwa tirikeza: waliondoka alasiri na vibuyu vilivyojaa, wakalala bila kisima, wakaendelea alfajiri. Mbele ya Tabora, kwenye njia ya Ujiji, chemchemi za Uvinza zilikuwa na chumvi kiasi kwamba wenyeji waliyachemsha maji yake na kuiuza chumvi iliyobaki. Huko ukali wa maji ulikuwa mtaji.

Nyumbani ukali huo ni gharama, na mara nyingi anayelaumiwa ni mwanamke. Kanzu ya Ijumaa imekuwa ya kijivu: hakufua vizuri. Maharage yamekaa jikoni tangu asubuhi na bado magumu: aliyachelewesha. Chai ina utandu juu: hakuosha birika. Haya yote yana sababu moja. Kalisi huungana na sabuni ikafanya uchafu unaonata katika nyuzi za nguo. Huukaza utembo wa maharage usilainike. Na hushikana na rangi ya chai ikafanya utandu ule. Mume anayelalamikia bei ya mkaa na sabuni angeanza kwa kuchungulia ndani ya birika. Gamba jeupe lililoganda humo hukizuia chuma kupitisha moto upesi.

Gamba hilo halina madhara kwa mnywaji, na siki au maji ya ndimu yakichemshwa humo na kuachwa kwa saa moja hulilegeza. Ugumu wa aina moja hupungua kwa kuchemsha: chokaa hutuama chini, na maji ya juu yakimiminwa taratibu yanafaa chai. Aina nyingine haiondoki kwa moto. Kwa kufulia, magadi kidogo yakitangulia kabla ya sabuni huitoa kalisi majini, na ndiyo siri ya bibi zetu waliotia magadi katika maharage. Lakini chakulani tuyapunguze, kwani huharibu vitamini, na magadi ghafi mara nyingi hubeba floridi, madini yanayotia meno ya watoto madoa ya kahawia. Visima vya Singida na Shinyanga vina tatizo hilo la floridi, na kuchemsha hakuiondoi; huizidisha, kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Mwenye kisima kipya na ayapeleke maji yake yakapimwe katika maabara ya maji kabla mtoto hajaanza kuyanywa.

Je, wudhu? Baadhi ya wazee huyatilia shaka maji yenye ladha. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameeleza kuwa maji yaliyobadilika kwa madini ya mahali yanapokaa au yanapopita hubaki safi na yenye kutwaharisha. Hali ni tofauti kwa maji ambayo sisi wenyewe tumeyatia kitu kikayageuza sana, kama siki. Kwa hiyo maji ya kutawadhia yatengwe kwanza, ndipo beseni la nguo litiwe magadi.

Vijiji vingi vya mkoa wa Tabora havijafikiwa na bomba la ziwa, na huko dawa bora iko juu ya paa. Mvua huanza kiasi cha Novemba hadi Aprili. Maji ya mvua ya kwanza yaachwe yaoshe vumbi la mabati, yanayofuata yaelekezwe katika pipa lenye kifuniko. Pipa moja la lita 200, likitengewa kanzu na maharage peke yake, kisima kikabaki kwa kazi nyingine, huhudumia nyumba siku nyingi.