Kuingia Uanagenzi wa Mitambo

Baada ya mtihani wa mwezi wa Novemba nataka kuingia uanagenzi wa ufundi mitambo. Baba hakupendezwa na habari hiyo. Alisema, "Mwanangu, karakana ni ya walioshindwa masomo." Basi napenda kuwaeleza wasomaji, naye akiwamo, niliyoyaona mwenyewe.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa mjomba, mwenye karakana mjini Morogoro. Siku nne za kwanza nilipewa tupa na kipande cha chuma kilichobanwa katika jiliwa, nikaambiwa nikisawazishe. Nilidhani nadharauliwa. Kumbe ndivyo mkono unavyofundishwa.

Siku ya tano nilisimama penye mashine ya kukereza vyuma. Mjomba alinikunja mikono ya shati na kunikataza glavu, kwa sababu mashine inayozunguka hunasa nguo, ikavuta na mkono. Nikakereza shafti ya mashine ya kusaga mahindi, unene wake milimita 50. Niliipima ingali moto, nikaiona sawasawa. Asubuhi yake beringi ilikuwa ikiteleza juu yake, na mwenye mashine alikwisha fika kuichukua. Ilimpasa mjomba kununua chuma kingine.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mjomba, shuleni hamkufundishwa kutanuka kwa vitu?"

Tulifundishwa, na alama zangu zilikuwa nzuri! Chuma cha unene ule kikizidi joto kwa digrii 50 hutanuka kiasi cha milimita 0.03. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini beringi huona tofauti hiyo. Nilipaswa kungoja kipoe, ndipo nipime.

Hapo nilifahamu kuwa uanagenzi si kuacha masomo. Katika mafunzo ya uanagenzi ya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, mwanagenzi hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi. Mwenye nia, kabla ya kutia sahihi mkataba, na aulize: Mafunzo ni ya muda gani? Fundi gani atanisimamia? Mwisho nitatahiniwa na nani, nipate cheti gani? Asipouliza, huenda miaka ikapita akifagia vyuma chakavu.

Shafti ile iliyoharibika ninayo sandukuni. Nikifunga shule nitampelekea baba, nimweleze kosa langu. Akisha kunisikiliza, na aamue.