Tovuti ya WordPress: vifaa vingi vya Jetpack vinatumika bila akaunti

Redio, shirika ao gazeti la mtandaoni la Goma, Bukavu ao Bunia linapotaka tovuti, mara nyingi kazi inapewa kijana mmoja anayejua kompyuta. Anaweka WordPress, kisha anaongeza plagini ya Jetpack na kuiunganisha na akaunti yake mwenyewe. Siku anapopata kazi Kinshasa ao Kampala, wakubwa wa redio wanagundua kwamba funguo za nyumba yao ziko katika barua pepe ya mtu aliyeondoka.

WordPress yenyewe, programu huru iliyoanza mwaka 2003, haiombi akaunti yoyote ya nje. Ni Jetpack, plagini ya kampuni ya Marekani Automattic iliyotoka mwaka 2011, inayoomba muungano na WordPress.com. Wengi wanakubali bila kuuliza.

Sababu ya ombi hilo ni kwamba sehemu ya kazi inafanyika kwenye seva za Automattic. Hesabu ya wasomaji, kutuma habari moja kwa moja kwenye Facebook, kuwatumia wasomaji barua pepe habari mpya inapotoka, kukuonya tovuti ikizimika: hayo yote hayawezekani bila kuunganishwa.

Lakini vifaa vingine vinafanya kazi ndani ya tovuti yako: fomu ya kukuandikia, mpangilio wa picha, ramani ya tovuti inayosomwa na Google, ao kuandika kwa Markdown.

Namna ya kufanya

Kwanza, weka nakala ya tovuti mahali salama. Kisha fungua faili wp-config.php na uongeze mstari huu, kabla ya maneno "stop editing":

define( 'JETPACK_DEV_DEBUG', true );

Wasomaji wataendelea kuona tovuti kama kawaida. Ni Jetpack tu inayoacha kuzungumza na WordPress.com. Hali hiyo iliwekwa kwa ajili ya mafundi wanaojaribu tovuti kwenye kompyuta zao. Kwa hiyo, ujue kwamba huduma nyingi zitabaki zimefungwa.

Njia nyingine ni kuondoa Jetpack na kuchukua plagini ndogo yenye kazi moja. Contact Form 7, kwa mfano, haiombi akaunti. Inakutumia ujumbe kwa barua pepe, lakini yenyewe haiuhifadhi: barua pepe ikikosa kufika, ujumbe umepotea.

Si ufundi tu

Kwa redio inayopokea ujumbe wa watu waliokimbia vita, kujua nani anashika majina na namba zao ni jambo la usalama. Kanuni za ghala la plagini la WordPress.org zinakataza plagini kutuma habari za watumiaji inje bila ruhusa yao. Hapa kwetu, Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda pia habari za kibinafsi.

Kama kweli munahitaji huduma za akaunti, muifungue kwa barua pepe ya nyumba, si ya mtu. Watu wawili wajue neno la siri. Na fundi anapoondoka, muungano ukabiziwe mwingine kabla hajafunga mizigo.