Mwandani wa Televisheni

Mwaka 1953 shirika la utangazaji la CBS, huko Marekani, lilianza kurusha kipindi cha watoto kilichoitwa Winky Dink and You, ambamo mtangazaji Jack Barry alimtaka mtoto aliyeketi nyumbani atandaze karatasi nyembamba ya plastiki juu ya kioo cha televisheni na kuchora juu yake kwa kalamu za rangi, ili kijana wa katuni aliyekwama safarini apate, mathalan, daraja la kuvukia mto. Karatasi ile na kalamu zake ziliuzwa kwa senti 50 za dola. Walakini baadhi ya watoto ambao wazazi wao hawakuzinunua walichora juu ya kioo chenyewe. Naanza na habari hii ya zamani kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu yanayomkabili hata leo kila abuniye programu ya simu ya kuandamana na kipindi: mtazamaji atiwe nini mkononi, akitumie lahadha gani, na itakuwaje kwa yule asiye nacho.

Programu hiyo mimi naiita mwandani. Huwekwa katika simu au kishikwambi, na muradi wake ni kumpa mtazamaji nafasi ya kubahatisha jawabu, kupiga kura, au kumjua mchezaji aliyemwona punde hivi, bila ya kumwondoa kipindini.

Swali la lahadha ndilo linalowatoa jasho mafundi. Picha ipitayo kwenye setilaiti hupanda kilomita zipatazo 36,000 na kushuka tena, safari ambayo peke yake huchukua kama robo ya sekunde. Kisha kuna muda wa kuibana picha na kuifumbua, na mwenye kutazama kwa intaneti aghalabu huwa nyuma zaidi, pengine kwa nusu dakika nzima. Apendaye mpira halihitaji somo hili, maana amekwisha kusikia shangwe za goli nyumba ya pili ilhali kwake mpira ungali katikati ya uwanja. Kwa hiyo mwandani hawezi kuitegemea saa ya ukutani: hana budi kujua mtazamaji huyu, katika sebule hii, yupo sekunde ya ngapi ya kipindi.

Njia mojawapo, nayo ni ya kupendeza sana, ni kuifanya simu isikilize. Avery Wang, mmoja wa waasisi wa Shazam, programu ya kutambua nyimbo, aliieleza mwaka 2003: sauti huchambuliwa katika mawimbi yake, na badala ya kuhifadhiwa yote huchukuliwa vilele vyake vilivyo na nguvu tu, kisha kilele kimoja hufungamanishwa na kingine pamoja na muda ulio kati yao. Ni kama nahodha wa jahazi ambaye usiku hana haja ya kuhesabu nyota zote za mbinguni. Akiziona chache zing'aazo, na umbali wa moja hadi nyingine, hujua alipo. Mtambo wa mtangazaji hufanya uchambuzi huo huo kipindi kinaporushwa, na simu ikisikiliza sekunde chache, ilichokisikia hulinganishwa nao, hata mahali pale pale kipindini pakapatikana, japokuwa watoto wanapiga kelele na feni inavuma. Fauka ya hayo, kinachopelekwa si sauti yenyewe bali ni tarakimu chache, jambo ambalo ni neema kwa mtu anayenunua bando kwa kubana matumizi.

Hata hivyo kuijua lahadha hakumpi mwandani idhini ya kusema kila lahadha. Macho ya mwanadamu ni mawili lakini mtazamo wake ni mmoja, na simu itetemekayo wakati mhusika wa tamthilia yu karibu kukiri siri yake humnyang'anya mtazamaji kile kile alichokalia kitako kukingoja. Afadhali mwandani afuate vituo ambavyo kipindi chenyewe kimeviacha. Antiques Roadshow ya BBC, ambamo watu huleta vitu vya kale vikathaminiwa, ina kituo cha namna hiyo kwa maumbile yake: kabla mtaalamu hajataja bei, kila aliyepo sebuleni amekwisha kubahatisha moyoni, na programu iliyobuniwa kwa ajili yake haikufanya zaidi ya kulipokea bahatisho hilo.

Lililobaki ni swali la asiye nacho, na hapo nina la kusema kwa uzito. Mashindano ya uimbaji ya Rising Star, yaliyozaliwa Israeli mwaka 2013 na kufika Marekani kupitia televisheni ya ABC mwaka 2014, yaliweka ukuta mkubwa mbele ya mwimbaji; watazamaji walijiandikisha kwa simu kabla ya wimbo, wakapiga kura kwa kutelezesha kidole, na kura za ndiyo zilipofika asilimia 70 ukuta ulipanda. Picha za wapiga kura zilimulika ukutani papo hapo, na sijui ilhamu nzuri kuliko hiyo katika fani hii. Lakini kanuni ilisema kwamba aliyejiandikisha asipige kura alihesabiwa sawa na aliyesema la. Basi tafakari mtu ambaye mtandao wake ulisinzia wimbo ukiwa katikati: alimpenda mwimbaji, akatelezesha kidole, kura haikufika, na kimya cha mnara wa simu kikaandikwa kuwa hukumu yake. Huko Marekani, ambako pwani ya magharibi hutazama saa tatu baada ya mashariki, watayarishaji walilazimika kuwapa watu wa magharibi uwezo wa kumwokoa aliyekwisha kukataliwa.

Kwetu, ambako ving'amuzi vingi hupokea tu wala havirudishi neno, na ambako simu moja yaweza kuwa mikononi mwa watu wanne, insafu yadai mpangilio mwingine. Kura ya ujumbe mfupi, ambayo watazamaji wa Afrika Mashariki wameizoea, iachwe wazi sambamba na programu. Dirisha la kura lisifungwe kabla ya aliye nyuma kwa nusu dakika kuusikia wimbo wote. Na katika daftari la hesabu pawe na safu mbili zisizochanganywa kamwe, moja ya waliokataa, na moja ya wale ambao sauti yao haikufika.