Kutafuta Kasoro ya Diski Isiyofunguka: Mfano wa Mto Sigi

Mwalimu wa shule ya msingi siku hizi aghalabu huhifadhi katika kompyuta orodha za wanafunzi, alama za mitihani na maandalio ya masomo. Hutokea akachomeka diski yake, kompyuta ikaitambua, lakini sehemu yenye kazi zake ikakataa kufunguka. Pengine kioo humtaka aifomati kabla ya kuitumia. Akikubali kwa pupa, huenda akapoteza kazi ya mwaka mzima. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitafuta kasoro hiyo kwa utaratibu, na jinsi ya kuufundisha utaratibu huo darasani.

Maana ya istilahi

Diski moja huweza kugawanywa katika sehemu kadhaa, kama shamba la mteremkoni Usambara linavyogawanywa kwa matuta. Mipaka ya sehemu hizo huandikwa katika jedwali. Katika mpango wa zamani uitwao MBR, jedwali limo katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, nalo lina nafasi nne tu za sehemu kuu. Mpango mpya zaidi, GPT, huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Ndani ya kila sehemu mna mfumo wa mafaili, ambao ni kama daftari linaloonyesha kila faili liko wapi. Kupachika sehemu ni kitendo cha kompyuta kulisoma daftari hilo na kumfungulia mtumiaji njia. Kwa hiyo, sehemu isipopachikwa, si lazima mafaili yawe yamepotea. Huenda daftari ndilo lililoharibika, kwa mfano umeme ulipokatika ghafla wakati wa kuandika, na mafaili yangali palepale.

Kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana

Mwalimu na aanze na mazingira ya wanafunzi. Mto Sigi hutoka katika milima ya Usambara Mashariki, ukaingia bwawa la Mabayani, na maji yake hupelekwa Tanga. Mtu wa mjini akifungua bomba asipate maji, hasemi kwamba mto umekauka. Hutazama bomba lake kwanza, kisha bomba la jirani, kisha njia kuu, hadi bwawani. Kila swali hupunguza mahali pa kutafuta. Kufomati diski kabla ya kuuliza maswali hayo ni sawa na kulifukia bwawa kwa sababu koki imeziba.

Hatua za kufuata

(a) Acha kuandika chochote juu ya diski, wala usikubali kufomati.

(b) Kagua ya nje. Badilisha waya, tumia tundu jingine, kisha jaribu kompyuta nyingine. Ikifunguka huko, diski haina kosa.

(c) Uliza kompyuta inaona nini. Katika Linux, amri ya lsblk huorodhesha diski na sehemu zake, na dmesg huonyesha malalamiko ya mfumo. Diski isipoonekana kabisa, au ikitoa sauti ya kugongagonga, shaka iko katika chombo chenyewe: izime. Diski ikionekana bila sehemu zake, shuku jedwali. Sehemu ikionekana lakini haipachikiki, shuku mfumo wa mafaili. Hata hivyo, Windows ikiwa imelazwa tu badala ya kuzimwa kabisa, Linux huweza kukataa kuandika katika sehemu yake. Hapo dawa ni kuiwasha Windows na kuizima sawasawa.

(d) Nakili diski nzima kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Programu ya ddrescue hufaa, kwani huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi.

(e) Tengeneza nakala, si asili. Kwa mfumo wa ext4, amri ya e2fsck yenye alama ya -n hukagua bila kubadili kitu. Mfumo huo pia huweka nakala za akiba za maelezo yake makuu, ambazo e2fsck huweza kuzitumia. Kwa NTFS, Windows ina chkdsk. Kamwe usitengeneze sehemu ikiwa imepachikwa.

Kufundisha darasani

Zana zinazotakiwa ni kompyuta moja, flashi isiyo na kazi muhimu, na waya mbovu. Mwalimu aandae kasoro moja kwa siri, kisha kila kikundi kiandike safu tatu daftarini: tulichoona, tunachoshuku, tulichojaribu. Sharti ni kubadili jambo moja tu kwa mara moja. Wakibadili mawili, hawatajua lipi lililoponya. Mwalimu asipokee jibu lisilo na ushahidi, hata likiwa sahihi.

Mazoea haya yatamfaa mtoto hata mbele ya taa isiyowaka au mche ulionyauka. Naye mwalimu ajiwekee kanuni moja ya ziada: alama za wanafunzi zisikae mahali pamoja tu. Zinakiliwe kila wiki kwenye diski ya pili, na orodha iliyochapwa iwekwe kabatini.