Meza Moja, Kila Mtu na Mchezo Wake

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na St. Paul, jimboni Minnesota nchini Marekani, kijana aitwaye David Wesely aliwaalika wenzake kwenye mchezo wa vita. Kikundi chao kilizoea kupigana vita vya zamani juu ya meza kwa sanamu ndogo za askari. Safari hii Wesely alibuni mji wa Kijerumani wa enzi za Napoleon, akauita Braunstein, na badala ya kumpa kila mtu kikosi, aliwapa baadhi yao watu wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo. Yeye alitarajia vita. Wenzake wakaanza kunong'onezana na kupanga njama, wawili wakataka kupigana wao kwa wao, na majeshi yakasahaulika. Wesely akaona mchezo umemharibikia. Waliocheza wakamwomba awaandalie mwingine.

Mmoja wao, Dave Arneson, aliuendeleza mtindo huo kwa nchi yake ya kubuni, Blackmoor. Mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Wisconsin wakatoa Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa mamia ya mingine. Mimi naishi Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, na habari ya Braunstein naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba mchezo huu ulizaliwa na watu waliokuja mezani kila mmoja akitaka lake.

Kwa asiyeujua: watu wanne au watano huketi pamoja. Kila mmoja ana mhusika wake, na sifa za mhusika huyo zimeandikwa kwenye karatasi: nguvu, wepesi, silaha, ujuzi. Mmoja wao, msimamizi, hana mhusika wa kwake. Yeye huisimulia dunia na wote waliomo. Husema, "Mmefika darajani, na katikati amesimama zimwi. Mnafanya nini?" Kila mchezaji hujibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa la mashaka hurushwa dadu, mara nyingi yenye pande 20, na namba ndiyo huamua kama rungu limempata zimwi au limepiga hewa. Hakuna mshindi. Hadithi inaweza kwisha jioni moja, au ikaendelea miaka.

Kwa kuwa hakuna mshindi, kila mtu hujiamulia amefuata nini. Ndivyo ulivyo hata ukumbi wa taarabu: yuko aliyekuja kusikiliza mashairi, yuko aliyekuja kumtunza mwimbaji, yuko aliyekuja kuonekana na gauni lake. Tofauti ni kwamba ukumbini hawazuiani. Mezani, mmoja akipata anachokitaka, wengine wanasubiri.

Mimi ni msimamizi, na mezani kwangu tunacheza kwa Kiswahili, Jumamosi jioni. Mzee wetu ni dereva mstaafu, aliyeendesha malori njia ya Mombasa hadi Kampala. Anapenda mapigano, na anapenda yaishe kwa ushindi. Binti anayesomea uhasibu anazijua kanuni kunishinda, na raha yake ni kumpanga mhusika wake hadi usiuone upenyo. Muuguzi wa zamu za usiku humzungumzisha kila mwenye duka na kila mlinzi, hata mtoto anayechunga mbuzi. Yupo pia kijana mkimya, asemaye kidogo mno, na hakosi kuja.

Jioni moja muuguzi alikuwa katikati ya mazungumzo matamu na mlinzi wa lango, karibu apewe ufunguo, Mzee akasema, "Mimi huyu namkata panga." Dadu ikarushwa, mlinzi akafa, mji mzima ukawageukia. Muuguzi hakusema neno. Binti akainamia karatasi yake. Hakuna kanuni iliyovunjwa, wala Mzee hakuwa na nia mbaya: ameketi saa nzima akisikiliza maongezi, naye alikuja kupigana.

Vitabu vya usimamizi nilivyosoma husema, zungumzeni waziwazi. Ni kweli, lakini kwenye meza ya watu wa kwetu kuna umri. Nani atamwambia mtu wa rika la baba yake, "Mzee, umeniharibia"? Watasema "Hakuna neno, Mzee," kisha Jumamosi inayofuata mmoja ana zamu na mwingine ana mafua. Vikundi vingi hufa hivyo, kwa adabu, bila ugomvi.

Kwa hiyo kwetu maoni huja kwa karatasi. Kabla ya hadithi mpya kila mmoja huandika nyumbani na kunikabidhi mimi peke yangu. Maswali yangu hayana ufundi. Unataka kucheka au kuogopa? Mhusika wako akifa, utaumia au utaona hadithi imenoga? Mtu wa kundi kumwibia mwenzake, ni sawa? Kitu gani hutaki kabisa kukisikia mezani? Majibu nayasoma kwa wote bila kutaja jina. Neno lililokuwa likimkwama mtu kooni linasikika kwa sauti yangu, na Mzee anaweza kulikubali bila kuonekana amekosolewa na mtoto.

Lile swali la mwisho lina uzito wake. Mbunifu Ron Edwards alipendekeza kutenga mambo ya aina mbili: yale yasiyoingia kabisa katika hadithi, na yale yanayoweza kutokea nyuma ya pazia bila kusimuliwa. John Stavropoulos naye alibuni kadi yenye herufi X, ambayo mchezaji yeyote huigusa na jambo likaachwa papo hapo bila kuulizwa sababu. Wapo wanaoona huko ni kudekezana. Siafikiani nao hata kidogo. Muuguzi anaviona vifo kazini; akiomba watoto wasife katika hadithi ya Jumamosi, hatudai maelezo.

Kugawa wachezaji kwa aina ni jambo la zamani. Glenn Blacow aliandika makala kuhusu aina nne mwaka 1980, na mwaka 2002 Robin Laws akatoa kitabu chenye orodha ndefu zaidi: mpenda nguvu, mpenda mikakati, mpenda kuigiza, na hata yule anayekuja tu kwa kuwa rafiki zake wapo. Orodha hizo hufungua macho. Ubaya wake ni kwamba msimamizi humbandika mtu jina, akaacha kumsikiliza. Karatasi ya karibuni ya Mzee, mpenda mapigano, iliomba tujue nani alilijenga daraja la hadithi yetu.

Kazi inayobaki ni kupika hadithi ambamo matakwa ya wachezaji yanahitajiana. Nilipoandaa pambano la daraja, nilimweka zimwi na wafuasi wake juu, na chini yake mateka mwenye hofu ambaye peke yake anajua jinsi ya kuliinua lango. Mzee aliwazuia wafuasi. Binti alipiga hesabu za hatua na umbali, akaona pengo ambalo wengine hatukuliona. Muuguzi alikuwa akimtuliza mateka, na kila raundi aliyoitumia kumbembeleza iliongeza hatari kwa Mzee. Mara Mzee ndiye aliyekuwa akiuliza, "Dada, amesema nini?" Mazungumzo ya muuguzi yalikuwa yamegeuka silaha ya Mzee. Kijana mkimya nilimwachia kamba ya kengele: aikate au aivute? Akaikata, na wote wakapiga kelele za furaha.

Kuna hoja moja ambayo siikubali mezani: "Mhusika wangu angefanya hivyo." Mhusika hakujizaa. Anayebuni mwizi asiyempenda yeyote anaweza pia kubuni kwa nini mwizi huyo asiwaibie hawa watatu. Wala simwadhibu mchezaji kwa kumwangushia mhusika wake jiwe. Ugomvi wa watu wa kweli huongelewa na watu wa kweli, kwenye simu au kwa chai, dadu zikiwa mfukoni.

Wakati mwingine tatizo ni mchezo wenyewe. Call of Cthulhu, wa mwaka 1981, unawahusu wapelelezi dhaifu wanaokutana na vitisho vilivyowazidi. Mpenda ushindi atateseka humo hata ukimtendea wema wote. Fiasco, wa mwaka 2009, hauna msimamizi kabisa na huisha jioni moja, wahusika wengi wakiwa wameharibikiwa. Rafiki yetu mmoja aliyechoshwa na mapigano alihamia meza inayocheza michezo ya namna hiyo. Tulimuaga kwa sambusa, na bado tunapigiana simu.

Anayetaka kuanza hahitaji gharama kubwa. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons hupatikana bure, na mkoba wa dadu saba unatosha meza nzima mkiazimana. Vikaratasi vya maswali viandikwe kabla ya wahusika, kwa sababu mtu akishampenda mhusika wake wa panga, ni vigumu kumwambia kwamba wenzake wanataka hadithi ya wafanyabiashara.