Nasaba na Ardhi: Habari za Milki ya Bijolia katika Mewar

Neno Rajput asili yake ni Kisanskriti, rajaputra, yaani mwana wa mfalme. Na kwa jina hilo zajulikana koo nyingi za wapiganaji zilizotawala sehemu za kaskazini-magharibi ya Bara Hindi kwa muda wa karne nyingi. Chini ya wafalme wa koo hizo walikuwako makabaila, kila mmoja na milki yake. Milki hiyo iliitwa thikana, neno ambalo maana yake ya kawaida ni makao, mahali mtu anapopatikana. Maana hiyo yafaa ikumbukwe, kwani katika jamii ya Warajput ukoo usio na mahali haukuwa na nguvu, na mahali pasipo na ukoo hapakuwa na mwenye haki. Mfano mmoja wa jambo hili ni Bijolia.

Bijolia iko juu ya uwanda wa Uparmal, upande wa mashariki wa nchi ya Mewar, karibu na mpaka wa Bundi. Siku hizi ni katika wilaya ya Bhilwara, jimbo la Rajasthan. Mwanzoni mwa karne ya 20 milki hii ilihesabiwa kuwa na vijiji 83. Haikuwa kubwa, walakini bwana wake, aliyeitwa Rao Sawai, alikuwa mmoja wa makabaila 16 wa daraja la kwanza waliokaa mbele ya Maharana wa Mewar katika baraza lake la Udaipur.

Kabla ya ukoo huo kufika, mahali hapo palikwisha kuwa na ushahidi wa nasaba nyingine. Nje kidogo ya mji, karibu na hekalu la Parshvanatha la Wajaini, pana mwamba uliochorwa maandishi ya Kisanskriti katika mwaka wa 1226 wa tarehe ya Vikrama, yaani mwaka 1170. Aliyeyachorisha ni mfanyabiashara wa Kijaini, jina lake Lolaka, aliyejenga hekalu wakati wa ufalme wa Someshvara wa ukoo wa Chauhan, baba yake Prithviraj wa Tatu. Maandishi hayo yawataja wafalme wa Chauhan mmoja baada ya mwingine, na kumnasibisha mhenga wao na mbari ya Vatsa ya Wabrahmani. Hapa mtaalamu hana budi kusimama kidogo. Mapokeo yaliyoenea baadaye, hasa kwa njia ya utenzi wa Prithviraj Raso, yasema kwamba Wachauhan pamoja na koo tatu nyingine walizaliwa katika moto wa sadaka juu ya mlima Abu. Jiwe la Bijolia halina moto huo. Basi nasaba si kitu kilichopokewa bila ya kubadilika: kila zama huiandika kwa haja yake.

Mabwana wa Bijolia wa baadaye hawakuwa Wachauhan bali Waparamara, ambao huitwa pia Wapanwar. Kwao habari ya moto ni ya zamani zaidi, kwa kuwa yapatikana katika kitabu cha Padmagupta, mshairi wa mwanzo wa karne ya 11 aliyemsifu mfalme Sindhuraja wa Malwa. Mwana wa Sindhuraja alikuwa Bhoja, mfalme mashuhuri kwa elimu. Ufalme wa Malwa ulipovunjika, matawi ya Waparamara yalitawanyika. Kwa masimulizi ya ukoo, Ashok Paramara alitoka Jagner akaingia katika utumishi wa Rana Sanga wa Mewar, akapewa nchi ya Uparmal. Rana huyo ndiye aliyepigana na Babur katika vita vya Khanwa mwaka 1527 akashindwa. Na Ashok anatajwa miongoni mwa waliopigana upande wake.

Kumbukumbu za nasaba kama hii zilikuwa mikononi mwa watu maalumu. Wabhat waliandika majina ya wazawa katika vitabu vyao. Wacharan walitunga mashairi ya sifa na kuzihifadhi habari za mashujaa. Kazi yao haikuwa ya mapambo tu. Bwana alipofariki, mrithi hakuwa bwana kamili mpaka Maharana amfunge upanga kiunoni. Desturi hiyo iliitwa talwar bandhai, yaani kufungwa upanga, na mrithi alitoa fedha kwa Maharana kwa ajili yake. Kwa hiyo kila kifundo katika mti wa nasaba kilikuwa na gharama, na swali lililobaki ni moja: nani aliyelipa?

Jibu lilionekana wazi katika Bijolia. Wakulima wengi wa Uparmal walikuwa wa jamii ya Dhakad, nao walitozwa, zaidi ya sehemu ya mavuno, ada na kodi ndogondogo zilizohesabiwa kuwa 84. Mwaka 1897 waliwatuma wazee wawili, Nanji Patel na Thakari Patel, kwenda Udaipur kumshitaki bwana wao, Rao Krishna Singh. Mjumbe alitumwa kuchunguza, lakini nafuu haikupatikana, na wazee wale wawili walifukuzwa katika milki. Mwaka 1903 iliongezwa kodi ya chanwri, yaani ya banda la arusi, iliyotozwa kila mkulima aliyemwoza binti yake. Wakulima walikataa kuoza, na hatimaye kodi hiyo ikaondolewa.

Mwaka 1906 Krishna Singh alikufa bila ya mtoto. Nasaba ilikatika, ikaungwa kwa kumleta Prithvi Singh, jamaa wa ukoo. Fedha za kufungwa upanga zilizodaiwa na Maharana, Rao mpya aliwatwika wakulima. Basi watu ambao majina yao hayakuwamo katika vitabu vya Wabhat ndio waliotakiwa kulipia kuendelea kwa majina yaliyomo. Mwaka 1913 waliacha mashamba bila ya kulimwa. Miongoni mwa viongozi wao, pamoja na Sadhu Sitaram Das, alikuwako Fateh Karan, naye ni Mcharan: mtu wa jamii iliyozoea kuwasifu mabwana alisimama upande wa walipaji.

Prithvi Singh alikufa mwaka 1914 akamwacha mwana mdogo, na milki ikawekwa chini ya uangalizi wa serikali ya Mewar. Mwaka 1916 alifika Vijay Singh Pathik, na mwaka uliofuata likaundwa baraza la wakulima wa Uparmal. Mwaka 1922 Robert Holland, wakili wa serikali ya Kiingereza katika Rajputana, alisimamia mapatano yaliyofuta ada 35 katika zile 84. Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1927 wakulima walirudisha mashamba yao yasiyo na maji ya kumwagilia, wakitumaini kwamba hapana mtu atakayeyachukua. Lakini yalichukuliwa, na hawakuyapata tena mpaka mwaka 1941. Mwaka 1948 Mewar iliungana na Rajasthan, na sheria ya mwaka 1952 ikaziondoa milki za makabaila.

Hivyo Bijolia ina mashahidi watatu wa nasaba: mwamba wa mfanyabiashara, kitabu cha Bhat, na hesabu ya kodi. Wa kwanza aonyesha jinsi asili ya ukoo inavyosimuliwa mbalimbali. Wa pili aonyesha jinsi majina yanavyoshikamana na ardhi. Wa tatu aonyesha gharama za mshikamano huo na mabega yaliyozibeba. Anayeandika historia ya ukoo wa kikabaila kwa kuwafuata mashahidi wawili wa kwanza peke yao atapata orodha ya mabwana. Akimsikiliza na wa tatu, atapata historia ya nchi.