Kalemie: Chumvi, sukari na maji dhidi ya kolera

Mgonjwa wa kolera huuawa na upungufu wa maji mwilini, na huduma ya kwanza huanzia jikoni. Huko Kalemie, jimboni Tanganyika, kemia hiyo si ya darasani tu: Kalemie ni kati ya maeneo ya mashariki mwa Kongo ambako kolera hurudi mara kwa mara.

Kipimo ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, visijae kupita ukingo. Maji ndiyo kiyeyushi, chumvi na sukari ni viyeyushwa. Vikichanganyika tunapata mmumunyo.

Koroga hadi chembe zisionekane. Hazijapotea, ulimi utazitambua. Tumboni, sukari husaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji hufuata. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa watoto, kwa hiyo kukisia kwa mkono ni hatari.

Mwaka 1971, Dkt. Dilip Mahalanabis alitumia mmumunyo wa aina hii kambini Bangaon, India, kwa wakimbizi kutoka Bangladesh. Vifo vilishuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4.

Tope la ziwani halijayeyuka, linaelea tu, ndiyo maana hutuama. Vijidudu havionekani hata maji yakiwa maangavu.

Mmumunyo uliopita saa 24 humwagwa. Pakiti ya SRO ikipatikana ndiyo bora, na mgonjwa anywe akiwa njiani kwenda kituo cha afya.